Barua kwa mwanangu: tuzo yako, msondo na Bi Kidude

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Picha ya cheti chako imenifikia, na tangu asubuhi simu haijakaa mkononi mwangu, kila apitaye barazani namwonesha. Hongera sana. Kupiga msondo, ile ngoma ndefu ya unyago, mbele ya watu wa Dar es Salaam waliozoea maspika makubwa, wakanyamaza wakakusikiliza, si jambo dogo. Nimefurahi mpaka machozi yamenitoka.

Unasema wenzako wanakwambia tuzo ya tamasha la chuo ndiyo mwisho wa safari, kwamba ngoma za kina mama hazina pa kufika. Mimi nakujibu kwa Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na unyago wa hapa kwetu Zanzibar, maana ngoma aliyoipiga ndiyo hiyo hiyo unayoipiga wewe.

Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Newcastle na Gateshead, kaskazini mwa Uingereza, kwenye mkutano unaokusanya watu wa muziki kutoka pembe zote za dunia. Fatuma binti Baraka, maana ndilo jina lake hasa, mtoto wa muuza nazi wa shamba, akaitwa mbele ya halaiki hiyo akiwa bibi kizee ambaye mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani. Mwenyewe akijihesabia umri kwa zama za rupia. Alikuwa keshaimba Ulaya na Japani, na mwaka uliofuata ikatoka filamu ya maisha yake. Hayo wenzako wanaweza kuyasoma wenyewe.

Ninalotaka ulijue wewe ni kwamba heshima yake haikuanzia Uingereza. Ilianzia ndani, milango ikiwa imefungwa, kwa kina mama waliomkabidhi binti zao. Kumwachia mtu mwari wako amfunde mwili wake, usafi wake, maisha ya ndoa na namna ya kujitunza ndani yake, huko ni kumwamini kuliko kumpa kombe. Bi Kidude alikuwa kungwi miaka mingi kabla wazungu hawajamjua. Aliufunga msondo kiunoni kwa kanga, akaupanda kama anayepanda farasi, viganja vikashuka juu ya ngozi na sauti ile nzito ikatoka, kina mama wakaitikia. Hapakuwa na majaji. Waliokuwa pale ndio waliojua kama kazi imefanywa au haikufanywa, na wakiridhika walimwita tena kwa mwari mwingine.

Na kwenye taarabu ni hivyo hivyo. Umekwenda na mimi ukiwa mdogo, sijui kama ulikuwa ukiangalia au ukisinzia. Wimbo ukifika pale panapomgusa, mwanamke huinuka kitini, akaenda mbele kwa madaha, noti kaishika juu watu waione, akamtunza mwimbaji na kurudi bila kusema neno. Ukumbi mzima umeshajua nani kaambiwa na kwa jambo gani. Hapo mwimbaji anapokea tuzo yake papo hapo, kwa ubeti ule ule ulioifanya kazi.

Bi Kidude naye alikuwa na wa kumwangalia. Alikua akimsikiliza Siti binti Saad, mtoto wa mfinyanzi wa Fumba, aliyeingia mjini akabezwa kwa asili yake na kwa umaskini wake, kisha mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Kwa hiyo tuzo ile ya mwaka 2005, mimi naihesabu kuwa ya Siti pia, na ya makungwi wote waliomfundisha Bi Kidude kupiga. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema ngoma hizi hazina pa kufika.

Utasikia pia lawama, tena kutoka kwa watu wazima wenye heshima zao, kwamba aliitoa unyago nje, akayaimba ya ndani mbele ya wanaume na wageni. Wanachokiogopa nakielewa, na wewe ukiheshimu. Lakini mimi naona aliyoyatoa ni mapigo na nyimbo. Kufundwa kwenyewe kulibaki ndani. Mgeni aliyekaa Ngome Kongwe usiku wa tamasha aliisikia ngoma akaipenda, ila mafunzo hakuyapata. Na asingethubutu yeye, chuo chenu kingekupandisha jukwaani na msondo? Sidhani.

Linaloniuma ni jingine. Alipofariki, tarehe 17 Aprili 2013, watu walifurika Bububu, na Rais Kikwete mwenyewe alivuka kuja maziko yake Kitumba. Ilimstahiki, na nilishukuru. Lakini kina mama wangapi waliokaa naye kwenye duara, waliomwitikia usiku kucha, wamezikwa redio isiwataje? Nyimbo ngapi zimekwenda nao? Tuzo hizi humfika mmoja, tena akiwa ameshachoka, na wengine tunawasahau wakiwa bado wanapumua.

Basi nina ombi. Kwenye cheti nimeona jina lako na la chuo. Bibi yako aliyekushika mikono ukiwa hujui hata pa kupiga, jina lake halipo. Wakikuita tena jukwaani, mtaje, jina lake na la baba yake na kijiji chake, kabla hujaanza kupiga. Na likizo hii usije kwangu kwanza. Shuka botini, panda daladala ya Makunduchi, mpelekee cheti akishike mwenyewe. Mnunulie doti ya kanga, na umtunze kwa mkono wako hata kama ni kidogo. Kisha muombe ruhusa, kwa adabu, akuimbie zile nyimbo ambazo hujawahi kuzisikia, umrekodi kwenye simu. Akisema wimbo fulani si wa kurekodiwa, zima simu usikilize kwa masikio tu.

Mwambie nitafika Jumapili na mchele na samaki. Magoti yamemzidi siku hizi, kwa hiyo asijisumbue kupika.

Mamaako akupendaye