Kifurushi chako cha R kabla hakijatoka

Mbarara

Ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wa nyumbani. Msimbo wa kifurushi chako cha R, ile lugha ya kompyuta ya takwimu, nimeusoma wote, faili kwa faili. Kifurushi hiki kinahitajika sana. Maofisa mipango wa wilaya na wanafunzi wa takwimu wanatoa asilimia kutoka kwenye data za sampuli bila kuonyesha kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi makisio yanavyoweza kuyumba, na wewe umewapa njia fupi ya kulipata. Kwa hiyo nakuandikia kwa urefu, maana toleo la kwanza lina mambo ambayo yakishatoka hayarudi. CRAN, hazina kuu ya vifurushi vya R, wanaomba usilete toleo jipya zaidi ya mara moja kila mwezi mmoja au miwili. Mtu atakayechukua toleo hilo la kwanza, 0.1.0, leo anaweza kuandika ripoti nzima nayo kabla hujarekebisha chochote.

Anza na hesabu, si na makaratasi. Kitendakazi chako cha kuchuja kundi dogo kinafuta mistari ya watu wasiohusika kwanza, halafu ndipo kinajenga muundo wa sampuli. Hapo pana hatari kubwa kuliko zote. Chukua tabaka moja, yaani sehemu moja ya nchi iliyosampuliwa peke yake, lenye klasta nne, yaani vijiji au mitaa iliyochaguliwa ndani yake. Jumla zenye uzito (kila mtu akihesabiwa kulingana na uwakilishi wake) za kundi unalolitaka ni 4, 6 na 8 katika klasta tatu, na klasta ya nne haina hata mtu mmoja wa kundi hilo. Ukifuta mistari kwanza, klasta ya nne inatoweka: wastani wa klasta ni 6, jumla ya miraba ya tofauti ni 8, zidisha kwa 3/2 (idadi ya klasta kwa idadi hiyo pungufu moja) upate variansi 12, na kosa sanifu la jumla, yaani kipeuo cha pili cha variansi, ni 3.46. Ukiibakiza ile klasta na sifuri yake, wastani ni 4.5, jumla ya miraba ni 35, zidisha kwa 4/3 upate 46.67, na kosa sanifu ni 6.83. Makisio yenyewe ni 18 kote kuwili, kwa hiyo anayetazama jedwali hataona kasoro yoyote. Anachopata ni uhakika ambao data haina, karibu mara mbili ya ule wa kweli. Dawa yake ni kujenga muundo kwa data nzima, kisha kuwapa thamani ya sifuri walio nje ya kundi, klasta zote zikibaki mahali pake.

Hesabu hiyo hiyo iweke kwenye folda ya majaribio kama ilivyo, namba zake zikiwa zimekokotolewa kwa mkono. Kulinganisha na kifurushi cha survey cha Thomas Lumley ni vizuri pia. Kiweke chini ya Suggests, orodha ya vifurushi visivyo vya lazima, na jaribio liruke pale ambapo hakijasakinishwa. Lakini ulinganisho peke yake hautoshi, kwa sababu ukikosea namna ya kuita vifurushi vyote viwili vitakubaliana katika kosa. Usitumie usawa kamili wa desimali katika majaribio. Kompyuta za Mac zenye chipu ya M1 hazina zile namba ndefu za biti 80 ambazo Intel wanazo, na tarakimu za mwisho hutofautiana. Acha ukingo wa kama 1e-8.

Tabaka lenye klasta moja tu: kwako linarudisha variansi sifuri kimya kimya. Hilo haliwezi kubaki. Kwa klasta moja mgawanyo ni kwa sifuri, yaani variansi haikadiriki, na kifurushi cha survey kwa kawaida husimama hapo kwa hitilafu. Simama na wewe, na ujumbe utaje tabaka lenyewe ili mtu ajue pa kwenda. Anayetaka kuliunganisha na jirani yake afanye hivyo kwa kuandika, si kwa bahati.

Kuhusu uzito, katika faili za wanawake za DHS, ule utafiti wa kaya wa idadi ya watu na afya, safu ya uzito, v005, huja ikiwa imezidishwa kwa 1,000,000. Asiyegawanya bado atapata asilimia sahihi, kwa kuwa hiyo milioni hujikata juu na chini, ila jumla zake zitakuwa kubwa mara milioni. Usigawanye kwa niaba yake. Toa onyo uzito wa wastani ukiwa mkubwa kupita kiasi, na uliandike jambo hili kwenye ukurasa wa msaada wa kitendakazi.

Majina sasa. Jina la kifurushi halirudiwi: CRAN haitofautishi herufi kubwa na ndogo, na hata majina ya vifurushi vilivyoondolewa na kuwekwa kwenye kumbukumbu hayaruhusiwi kutumiwa upya na mtu mwingine. Tafuta kote kabla hujalipenda sana. Majina ya vitendakazi na mpangilio wa vigezo vyake ndiyo watu watakayoyaandika kwenye skripti zao, nami ningependa uyatulize sasa hivi: data kwanza, kisha klasta, tabaka, uzito, kila mahali kwa mpangilio huo. Kwa data zinazokosekana fuata desturi ya R, yaani kigezo cha na.rm kiwe FALSE, ili NA, alama ya thamani isiyopo, ijitokeze waziwazi. Vile vitendakazi vitatu vya ndani ambavyo hata wewe hujaviamini, visitoke nje kwa watumiaji. Kukitoa kitu nje kwa watumiaji baadaye ni rahisi. Kukirudisha ndani ni kuvunja kazi za watu.

Orodha ya wilaya za Uganda uliyoipachika ndani ya msimbo iondoe. Kagadi na Kakumiro zilitoka Kibaale mwaka 2016, Terego ikatoka Arua mwaka 2020, kwa hiyo data za mwaka mmoja hazilingani na ramani ya mwaka mwingine. Mwache mtumiaji alete jedwali lake lenye safu ya mwaka. Na jina lisipooana, kama Sembabule na Ssembabule, kifurushi kiseme majina gani yamebaki nje badala ya kuyadondosha.

Data za mfano: za DHS huwezi kuzifungasha, masharti yao hayaruhusu kuzigawa kwa wengine. Tengeneza za kubuni. Klasta 20 zenye kaya 25 kila moja zinakupa mistari 500, zinatosha kabisa, na zikibanwa kwa xz hazitakuwa mzigo. Hifadhi matokeo yenyewe kwenye folda ya data, usitegemee set.seed, inayoweka mbegu ya namba nasibu, peke yake, maana R 3.6.0 ya mwaka 2019 ilibadilisha jinsi sample() inavyochagua, na mbegu ile ile sasa inatoa watu wengine. Skripti iliyozitengeneza ibaki data-raw, nayo data-raw itajwe kwenye .Rbuildignore, orodha ya vitu visivyoingia kwenye kifurushi.

Majina ya Kiganda yenye ŋ yatakuletea shida ndani ya faili za R. Kwenye msimbo andika "\u014b", kwenye data hakikisha maandishi yametiwa alama ya UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za lugha zote. Kwenye Windows, R ilianza kutumia UTF-8 kama usimbaji wake wa kawaida katika toleo la 4.2.0 tu, na kompyuta nyingi za ofisini bado ziko nyuma ya hapo. Kwa sababu hiyo hiyo angalia ulipotumia alama ya |> : inadai R 4.1.0 kwenda mbele. Ama uliandike sharti hilo kwenye Depends, ama uandike upya mistari ile michache. Mimi ningeiandika upya.

Vitegemezi ulivyoweka chini ya Imports, yaani vifurushi ambavyo chako hakiendi bila hivyo, ni vingi mno. Endesha tools::package_dependencies() kwa recursive = TRUE uone mkia wote unaofuata. Ofisa aliye Moroto anasakinisha kwa bando lake mwenyewe, na kila kifurushi cha ziada ni megabaiti na ni mlango mwingine wa kuvunjika. Viwili kati yake unavitumia mahali pamoja tu, na R ya kawaida inaweza kazi hiyo.

Faili la DESCRIPTION, lenye maelezo ya kifurushi, ndilo hurudishwa zaidi, kwa mambo madogo. Title isizidi herufi 65, isiishie na nukta. Description isianze kwa jina la kifurushi wala kwa "This package". Majina ya programu nyingine yawe ndani ya alama moja moja za kunukuu, na mbinu itajwe kwa mwandishi, mwaka na doi ndani ya mabano ya pembe. Kwenye Authors@R, mwenye cre, yaani mtunzaji, awe mtu mmoja mwenye barua pepe itakayoishi. Usitumie ya chuo ikiwa mkataba wako una mwisho: barua zikianza kurudi, kifurushi huondolewa. Leseni: kama umechukua hata sehemu ya msimbo wa survey, ulio chini ya leseni ya GPL, huwezi kuweka leseni ya MIT. Na mwajiri wako umuulize kwanza nani mwenye haki ya kazi hii.

Kurasa za msaada zote ziwe na \value, sehemu inayoeleza kinachorudishwa, hata za vitendakazi visivyorudisha kitu. Mfano usizidi sekunde tano, ukizidi, uweke ndani ya \donttest. \dontrun ni kwa kile kisichoweza kuendeshwa kabisa. Andika TRUE, si T. Ujumbe utoke kwa message(), si cat(), ili mtu aweze kuunyamazisha. Ukigusa par(), mipangilio ya michoro, rudisha kama ilivyokuwa kwa on.exit(), na faili zozote ziandikwe tempdir(), folda ya muda, kamwe si kwenye folda ya mtumiaji.

Ukimaliza hayo, jenga kwa R CMD build, kisha endesha R CMD check --as-cran juu ya lile faili la tar.gz, si juu ya folda, maana folda huficha faili zilizosahauliwa. Hitilafu na maonyo yote yaishe. Dokezo la "New submission" litabaki, ni la kawaida kwa mara ya kwanza. Mengine yaondoe au uyaeleze. Peleka pia kwa win-builder, huduma ya kujaribu vifurushi kwenye Windows, upande wa R-devel, yaani R inayoendelea kutengenezwa, majibu huja kwa barua pepe. Ndipo ujaze fomu ya CRAN. Utaletewa barua yenye kiungo cha kuthibitisha, na usipokibonyeza hakuna kinachoendelea. Kifurushi kipya husomwa na mtu, naye anajitolea. Akikurudishia, rekebisha yote aliyoyataja, ongeza namba ya toleo, na umjibu kwa upole jambo kwa jambo.

Kabla ya kujaza fomu hiyo nitumie tar.gz pamoja na jaribio la klasta nne. Nitaliendesha hapa kwenye Windows yenye R ya zamani na kwenye Linux, nikuambie mahali namba zinapoachana.

Wako,
rafiki yako wa Mbarara