Wenye kliniki za meno, hesabuni drili zenu

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako tuzungumzie jambo ambalo mgonjwa wa meno hana namna ya kuliona akiwa amelala kitini kinywa wazi: kliniki ina drili ngapi, na kwa siku inatibu watu wangapi.

Tunaposema drili tunamaanisha kile kipande cha mkononi kinachoshika ncha ya kuchongea jino. Ndani yake kuna turbini inayozungushwa kwa upepo. Daktari akiondoa mguu kwenye pedali, turbini inapopunguza kasi huweza kuvuta mate na damu kuingia ndani. Kwa hiyo kupangusa ganda la nje kwa pamba yenye spiriti hakumsaidii mgonjwa anayefuata. Uchafu uko mahali ambapo pamba haifiki. Drili lazima itakaswe kwa mvuke kila inapotoka kinywani mwa mtu, na virusi vya homa ya ini aina ya B, vinavyoweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, ni sababu tosha.

Sasa tupige hesabu. Chukua kliniki ya kiti kimoja, iwe Sinza, Mbagala au Kimara. Kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana inachonga meno ya watu 8, nusu saa kila mmoja. Drili iliyotumika inasuguliwa, inakaushwa, inatiwa mafuta, inafungwa kwenye pakiti na kuingia kwenye otoklevu, yaani mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke. Kwenye nyuzi joto 134 inatakiwa kukaa angalau dakika 3, na hizo dakika 3 ndizo watu wanazozikumbuka. Wanasahau muda wa kupasha moto, kutoa hewa, kukausha na kupoza. Ukijumlisha na usafishaji, drili inakuwa nje ya kazi kama saa moja na nusu. Kliniki yenye drili 2 inaweza kuhudumia watu 4 kwa usalama katika saa hizo nne. Wale wengine 4 wamechongwa kwa drili iliyopanguswa tu. Kwa wagonjwa 8, drili 4 zinatosha kwenye karatasi; kwa kuwa otoklevu haiwashwi kwa ajili ya drili moja moja, na kwa kuwa moja haikosi kuwa kwa fundi, tunasema 6. Tunajua bei yake. Asiyeweza kununua 6 apunguze wagonjwa wa kuchongwa.

Hapo hatujagusa umeme. Ukikatika otoklevu ikiwa katikati ya mzunguko wa kutakasa, mzunguko huo umekufa, na vifaa vinaanza upya kutoka mwanzo. Hakuna kumalizia dakika zilizobaki. Maji nayo ni tatizo la jiji letu: maji ya kisima yenye chumvi huacha utando mweupe mgumu, kama ule wa ndani ya birika, kwenye hita na vali za otoklevu, mpaka mlango unavuja na joto halifiki. Humo yatiwe maji yaliyokenekwa (distilled) peke yake.

Ile mistari ya utepe inayogeuka rangi juu ya pakiti imewadanganya wengi. Inaonyesha kwamba pakiti imepita kwenye joto, basi. Otoklevu isiyo na pampu ya kutoa hewa inaweza kugeuza utepe ukawa mweusi kabisa huku hewa ikiwa imebaki ndani ya tundu la drili na mvuke haukuingia. Kipimo cha kuaminika ni kichupa chenye mbegu za bakteria Geobacillus stearothermophilus, ambazo ni sugu kwa joto, kinachowekwa katikati ya vifaa mara moja kwa wiki, kisha kuatamishwa, yaani kuwekwa kwenye joto la kuoteshea bakteria, pamoja na kingine ambacho hakikupita kwenye mashine. Kilichopita kisibadilike rangi, maana kubadilika ni dalili kwamba bakteria wako hai. Ambacho hakikupita lazima kibadilike, la sivyo kipimo chenyewe ni kibovu. Na pakiti ikitoka mbichi, irudishwe. Karatasi iliyolowa hupitisha vijidudu hata kama haijachanika.

Katriji ya ganzi, yaani kile kichupa cha dawa kinachoingia kwenye bomba la sindano, ikibaki nusu itupwe. Kubadili sindano hakutoshi, maana damu ya mgonjwa wa kwanza huweza kurudi ndani ya katriji. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, mipira ya maji ya kiti isafishwe kwa kuachia maji yatoke sekunde 20 hadi 30.

Kwa wakaguzi tuna ombi. Cheti cha Baraza la Madaktari Tanganyika kilichotundikwa ukutani kinahusu daktari. Hakisemi lolote juu ya drili zake. Mkifika kliniki, ombeni daftari la wagonjwa na daftari la otoklevu, liwe na tarehe, namba ya mzunguko, joto, dakika na jina la aliyetoa vifaa. Otoklevu nyingi za kisasa zina kihesabu cha mizunguko, kisomeni wenyewe. Kisha fungueni kabati mhesabu drili. Daftari likionyesha watu 40 waliochongwa meno kwa wiki, na mashine ikionyesha mizunguko 5, kabatini mkikuta drili 2, kliniki hiyo isimamishwe kuchonga meno siku hiyohiyo.

Wataalamu wa afya ya kinywa na meno,
Dar es Salaam