Barua kwa binti zangu mnaojidunga

Binti zangu,

Siwaandikii kuwakemea, kwa kuwa makaripio mmeyasikia ya kutosha nyumbani na barabarani, wala sijaona hata mmoja aliyeacha unga, yaani heroini, kwa sababu alitukanwa. Ombi langu ni kila mmoja awe na bomba lake mwenyewe la sindano, asipokee lililokwisha kutumiwa na mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mumewe.

Najua mambo yanavyokwenda. Mwanamume ndiye aliyenunua kete ya unga na ndiye anayejua kuutafuta mshipa, kwa hiyo hujidunga kwanza, kisha humgeukia mwenzake aliyekwisha kufunga mkono kwa kitambaa. Niliwahi kuketi kando ya binti aliyekuwa akisubiri zamu hiyo, nikaona uzi mwembamba wa damu ndani ya bomba kabla halijamfikia. Damu kidogo kama ile yatosha kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, na kulisuuza bomba kwa maji si kinga. Kijiko na pamba mnavyochangia navyo vina hatari yake. Mnaniambia kwamba kudai bomba lako ni kumwonyesha mwenzako kuwa humwamini. Mwambieni kwamba linamlinda yeye pia.

Wala msijifungie peke yenu, maana dozi ikizidi pumzi hufifia, na naloksoni, dawa inayoirudisha, huhitaji mtu wa kukupa.

Wajawazito nawasihi zaidi. Msikatize unga ghafla, kwani arosto kali, yaani maumivu ya kuukosa, yaweza kumdhuru aliye tumboni. Ombeni methadoni, dawa ya kunywa kila siku badala ya unga, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Najua mnaogopa kunyang'anywa watoto, na mnaogopa maneno. Nilimsindikiza binti mmoja kliniki, mhudumu akamwuliza mbele ya foleni nzima kama haoni haya kubeba mimba katika hali ile, naye akaondoka, asirudi hadi uchungu ulipomshika. Mimi nilikuwa pale, nikanyamaza, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo msiende bila mtu mzima wa kuwasemea, awe mama, shangazi au jirani. Asiyekuwa na mtu aniite mimi, nitakwenda naye hadi ndani.

Bibi yenu