Wageni wa Mombasa waambiwe habari za Mwana Mkisi

Mhariri,

Meli za watalii zikitia nanga Kilindini, wageni hupakiwa kwenye mabasi, wakapigwa picha chini ya sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, kisha moja kwa moja Fort Jesus. Jioni wamesharudi melini. Wanaondoka wakijua kwamba Wareno walianza kuijenga ngome mwaka 1593, na kwamba Waomani waliizingira tangu 1696 mpaka wakaiteka 1698. Jina la Mwana Mkisi, malkia anayesimuliwa kuwa mwasisi wa mji huu, hawalisikii kabisa.

Hivi karibuni nilifuatana na kundi moja humo ngomeni. Mwongozaji wao alikuwa hodari. Aliwaonyesha mizinga, akawasimamisha mbele ya michoro ya meli iliyochorwa ukutani enzi za Wareno, akajibu kila alichoulizwa. Mama mmoja akataka kujua kabla ya Wareno hapa palikuwa na nani. "Waarabu," akasema, akapita. Simlaumu kijana yule, ndivyo alivyofunzwa. Lakini iliniuma.

Wazee wa Mvita, yaani Mombasa, wamesimulia vizazi kwa vizazi kwamba mji huu, ulipokuwa ukiitwa Kongowea, ulikuwa na malkia, Mwana Mkisi, na kwamba yeye ndiye aliyeuasisi. Baada yake akaja Shehe Mvita, ambaye wengi katika Thenashara Taifa, zile jamii kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, hujinasibisha naye hadi leo. Hata katika ushairi wetu wa kale, Gongwa, yaani Mombasa hii hii, ni mji wa Mwana Mkisi. Masimulizi hayana tarehe, ni kweli, lakini ukongwe wa mji una mashahidi. Mwanajiografia Al-Idrisi aliutaja mwaka 1154. Msafiri Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331, akaandika habari za ndizi na ndimu, na za visima milangoni mwa misikiti, ambako watu waliosha miguu kabla ya kuingia. Vasco da Gama, Mreno, alikuja 1498! Miji haioti kama uyoga. Yule mama alistahili jibu refu kuliko neno moja.

Na wageni wanapenda mno habari za malkia. Kule Aksum, Ethiopia, watu hufunga safari kwenda kutazama magofu ya Dungur yanayoitwa jumba la Malkia wa Sheba, ingawa wachimbuzi wa mambo ya kale wanasema yalijengwa karne nyingi baada ya zama za Nabii Suleiman. Mgeni akiambiwa yote mawili, lile la wazee na lile la wachimbuzi, hapungukiwi na kitu. Nasi tuseme hivyohivyo: hili ni simulizi, hili lina maandishi.

Wapo watakaosema malkia wa kabla ya Uislamu hana haja ya kutangazwa. Nauheshimu wasiwasi wao. Lakini waliomhifadhi Mwana Mkisi katika masimulizi na mashairi ni wazee wetu, Waislamu walioshika dini yao barabara. Wao hawakumwonea haya.

Tazama zile pembe za barabarani. Zilisimamishwa miaka ya 1950 kwa heshima ya ukoo wa kifalme wa Uingereza, na hakuna mtalii asiyezipiga picha. Wa kwetu, anayetajwa kuwa mwasisi wa mji, sijamwonea hata kibao.

Naiomba Makumbusho ya Taifa iweke bango la habari zake pale langoni mwa Fort Jesus, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni. Serikali ya kaunti nayo iwakutanishe waongoza watalii na wazee wa Thenashara Taifa, na wazee hao walipwe kwa kazi hiyo kama anavyolipwa mtaalamu yeyote. Mgeni akianza na Mwana Mkisi atataka pia kutembea Mji wa Kale kwa miguu, na hapo muuza kahawa, mpika mahamri na mshona kofia nao watapata riziki yao. Meli za msimu ujao zisije zikatukuta bado tunaanza historia yetu na Wareno.

Msomaji wako,
Mji wa Kale, Mombasa