Barua kwa mwanangu: chupa zako ziache Mbeya

Mbeya, 14 Julai 2025

Mwanangu,

Salaam nyingi. Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Maji ya bomba asubuhi yanauma vidole, na bibi yako habanduki jikoni mpaka jua lipande. Anakusalimu sana. Anauliza pia ile pombe yako inangoja nini.

Ujumbe wako nimeupata: mjomba wako akishuka Dar mwisho wa mwezi nimpe chupa zote tano zilizobaki za ule mvinyo mwekundu wa Stellenbosch, Afrika Kusini, uzitunze kwako hadi harusi ya dada yako Desemba. Simpi. Sitaki ubishi na wewe, baba. Fedha ni yako, na ushuru pale mpakani Tunduma ulilipa mwenyewe. Lakini nisikilize kwanza, halafu ukishikilia msimamo wako nitazifunga kwenye magazeti nimkabidhi.

Ile moja uliyoturuhusu tuliifungua Jumamosi wiki iliyopita, mimi na baba yako mdogo. Ilitoka stoo ikiwa na nyuzi 14, baridi mno kwa mvinyo mwekundu wa aina hii. Ukinywewa hivyo harufu hujificha na ukali hujitokeza. Nikaiacha mezani karibu na jiko mpaka ikafika 17 hivi. Nikamimina theluthi ya glasi, nikaiinamisha juu ya karatasi nyeupe nitazame ukingoni. Katikati weusi mtupu. Ukingoni zambarau, tena zambarau changa kabisa, hakuna hata dalili ya ule wekundu wa tofali unaokuja na umri. Harufu ya kwanza ilikuwa pilipili hoho mbichi. Nikaizungusha glasi, nikasubiri, ikaja vanila kidogo na penseli iliyotoka kuchongwa. Hiyo ni alama ya mapipa ya mwaloni. Tunda lenyewe halikutaka kutoka. Baba yako mdogo akapiga funda moja, akakunja uso, akasema, "Shemeji, huu umeharibika."

Haujaharibika. Alichokutana nacho ni ukakasi, uleule wa chai ya Tukuyu iliyosahauliwa jikoni ikachemka na majani yake: ulimi unakauka, ufizi unabana, mate hayaonekani. Kinachofanya hivyo ni tanini. Kwenye mvinyo hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na kiasi kidogo kwenye pipa. Chupa ikilala miaka, tanini hizo hushikana zenyewe kwa zenyewe na kushikana na rangi, zinakuwa nzito, zinazama chini kama mashapo meusi, na kinachobaki juu kinalainika. Harufu nazo hubadilika. Tunda bichi hugeuka tunda lililokaushwa, na nyuma yake zinakuja ngozi, tumbaku kavu, wakati mwingine majani makavu baada ya mvua. Haya yote yanataka muda, na mvinyo wako ni wa mavuno ya 2021. Bado mtoto.

Kisha kuna suala la mchanganyiko wenyewe. Lebo inasema zaidi ya nusu ni zabibu za aina ya Cabernet Sauvignon, halafu Merlot, Cabernet Franc, na Petit Verdot kidogo. Huo ni mtindo wa Bordeaux, Ufaransa. Kule walichanganya kwa sababu ya hewa: Merlot huiva mapema, Cabernet Sauvignon huchelewa, hivyo mvua za mwisho wa msimu zikiharibu moja, nyingine imeshaokolewa. Stellenbosch mvua kubwa hunyesha kipupwe na zabibu huiva kiangazi kikavu, kwa hiyo wao huchanganya zaidi kwa ajili ya ladha. Cabernet Sauvignon ina punje ndogo zenye ganda nene, ndiyo iliyomkunja uso baba yako mdogo. Merlot ina nyama na ulaini. Cabernet Franc huleta harufu ya majani, Petit Verdot rangi na nguvu. Kwa sasa nilisikia kila mmoja anasema lake. Shamba la Meerlust la hukohuko Stellenbosch limekuwa likitengeneza mchanganyiko wa namna hii, Rubicon, tangu mavuno ya 1980, na wanaoufahamu hawaufungui kwa pupa.

Sasa sikia nilichofanya, maana hapa ndipo nilipokata shauri. Nusu ya chupa niliirudishia kizibo nikaiacha kabatini, jikoni hapohapo. Jumapili baada ya ibada nikaonja tena: pilipili hoho imekwisha, limetoka tunda jeusi, plamu na zambarau zetu hizi za barabarani, na ukakasi umepungua makali. Jumatatu jioni ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Mvinyo uliotengenezwa unywewe leo, ukishaingiwa na hewa hivyo huchoka siku ya pili, unabaki na uchachu tu. Unaozidi kupendeza siku ya tatu una safari ndefu mbele yake. Hiki kipimo alinifundisha mpishi mkuu niliyefanya naye kazi hotelini, na hakijawahi kunidanganya.

Kwa hiyo Dar hapana. Chumba chako kina feni tu, na hata ungekuwa na kiyoyozi usingekiwasha mchana kutwa ukiwa kazini kwa ajili ya chupa. Mvinyo unapenda nyuzi 12 au 13, giza, na utulivu. Ukikaa miezi kwenye nyuzi 30 unapikika: tunda linakuwa la jamu, kioevu kinatanuka na kukisukuma kizibo, hewa inaingia. Usiniambie friji. Friji ni kavu, inatetemeka, na nyuzi zake nne huusimamisha mvinyo usiive. Kwa siku chache sawa, kwa miaka hapana.

Stoo yetu si pango la Ufaransa, sijidai. Lakini ina kuta nene za tofali za kuchoma, ina dari chini ya bati, iko upande wa kusini ambao jua haliupigi sehemu kubwa ya mwaka, na haina dirisha. Kipimajoto nilichokining'iniza mle kinasoma 14 au 15 majira haya, na Oktoba hadi Novemba, ambapo Mbeya hupata joto lake, hufika 20. Kinachouumiza mvinyo zaidi ni kupanda na kushuka kwa ghafla, na mle mabadiliko huja polepole. Chupa nimezilaza ili mvinyo uguse kizibo kisikauke, maana kiangazi chetu kinakausha hata midomo. Pembeni nimeweka beseni la mchanga ninaoulowesha. Gunia la viazi nimelihamisha, kwa harufu yake.

Hotelini nilikotunza stoo, meneja mmoja alipenda mivinyo ghali isimame kaunta, chini ya taa, juu kabisa ya friji ya soda, wageni waione. Mgeni akaagiza ile ya bei kubwa. Kizibo kikakatikia shingoni, kikavu hadi kinamomonyoka, na kilichomiminika kilikuwa na rangi ya chai na harufu ya siki. Mgeni alikuwa mstaarabu, akaomba bia. Chupa ilikatwa kwenye mshahara wa mhudumu, jambo ambalo hadi leo linanikera.

Bibi yako haya yote anayaona kichekesho. Kwao pombe hailazwi. Kimpumu kinanyweka siku yake, na ulanzi wa wenzetu wa Iringa na Njombe ukigemwa asubuhi ni mtogwa, mtamu, watoto wanaonja. Ukiachwa unakuwa mkangafu na watu wazima wanaangushana. Ukiendelea kuuacha unamwagwa. Nikimwambia chupa hizi zitangoja hadi 2031 anasema huyo mtoto ana uhakika gani atakuwepo. Nami namjibu kwamba yeye ndiye atakayezinywa.

Harusi isikutie hofu. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za kistaarabu. Chupa tano ni glasi 25, na dada yako ana wageni zaidi ya mia mbili. Nani atapewa, nani aachwe? Wageni wapewe mvinyo mwekundu wa Dodoma. Mizabibu ya kule huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wake mwingi umetengenezwa unywewe mapema, haudai subira. Kwa joto la Dar uweke kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina, hata kama ni mwekundu. Lile agizo la "joto la chumbani" lilitoka kwenye nyumba za baridi za Ulaya, si Sinza.

Zako nitakupa moja tu uipeleke meza ya wakwe. Imiminwe kwenye jagi saa mbili au tatu kabla, tena kwa nguvu, ipate hewa. Iliwe na nyama ya ng'ombe yenye mafuta, mafuta huutuliza ule ukakasi; pilipili kichaa ikae mbali. Zilizobaki tufungue moja 2028 tuone imefika wapi, kisha tuamue. Zile za mwishomwisho zitakuwa na mashapo, kwa hiyo zisimamishwe siku nzima kabla, na zimiminwe taratibu.

Nimeandika tarehe kwenye plasta nyeupe nikaibandika shingoni mwa kila chupa, asije mtu akachukua moja kupikia.

Kama unakuja Nanenane, lete glasi nne zenye miguu. Ninayo moja tu, baba yako mdogo alionjea kwenye kikombe cha chai, na nadhani hilo nalo lilichangia. Lete na kizibuo, hiki cha hapa kimepinda.

Mama yako