Kwa mpwa wangu: zile namba ndizo jina la mbizi

Mpwa wangu,

Juzi tulipokuwa tukitazama mashindano ya mbizi ulizima televisheni ukisema, "Wanajitupa tu majini, halafu wanaandikiwa minamba." Limenikaa neno hilo. Wewe uliyekulia ukutani pale Forodhani, Zanzibar, ukipiga makachu, ile michezo ya kujirusha baharini, hukupaswa kulisema. Namba ile ndiyo jina la mbizi, na ukiijua utaiona mbizi yote kabla mtu hajaruka.

Chukua 107B. Tarakimu ya kwanza inataja kundi. 1 ni kupinduka mbele. 2, mrukaji anayapa maji mgongo na kupinduka kinyumenyume. 5 ni za msokoto, yaani mwili pia unajizungusha ubavu kwa ubavu. 6 huanza kwa kusimama kichwa chini miguu juu, nazo ni za jukwaani tu, lile gumu lisilonesa, si za ubaoni, ule unaonesa. Nimeziacha 3 na 4 makusudi, maana ndizo zinazonitia baridi. Kwenye 3 mtu anatazama maji, anaruka kwenda mbele, ila mwili unapinduka nyuma, kichwa kinarudi upande wa ubao. Kwenye 4 anasimama kwa vidole kwenye ncha ya ubao, visigino vinaning'inia hewani, mgongo kwenye maji, kisha anapinduka kuuelekea ubao aliotoka.

Ile 7 huhesabiwa kwa nusu: nusu saba, yaani mipinduko mitatu na nusu. B ni kujikunja kiunoni miguu ikiwa imenyooka. A ni mwili wote kunyooka, C ni magoti kifuani, na D ni mtindo huru, huiona zaidi kwenye misokoto. Misokoto yenyewe ina tarakimu nne: 5152B ni msokoto, kwa mbele, mipinduko miwili na nusu, nusu mbili za msokoto, basi msokoto mmoja kamili.

Orodha hukabidhiwa kabla ya mashindano. Ukifanya mbizi yenye namba nyingine, hata iwe nzuri vipi, unapata sifuri. Ukiifanya uliyoitaja, majaji saba hutoa alama, mbili za juu na mbili za chini zinaondolewa, zilizobaki zinajumlishwa na kuzidishwa kwa kiwango cha ugumu wa mbizi hiyo. 107B ya ubao wa mita 3 ina ugumu wa 3.1, alama tatu zilizobaki zikiwa nane kila moja, yaani 24, unapata 74.4.

Mwaka 1988 kwenye Olimpiki ya Seoul, Greg Louganis wa Marekani aliruka 305B kwenye mchujo. Isome mwenyewe: kundi la 3, mipinduko miwili na nusu, mwili umekunjwa kiunoni. Hakwenda mbali vya kutosha na ubao, kisogo kikaugonga. Akashonwa, akarudi kuruka siku ileile, na siku ya pili akatwaa dhahabu.

Na ile yako ya ukutani, unayoyapa maji mgongo, magoti kifuani, ukapinduka mara moja na nusu mpaka mikono ikatangulia kuingia: hiyo ni 203C.

Mjomba wako