Barua ya wazi kwa Kamishna Mkuu wa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya): Si kila pesa inayopita kwenye mashine ni mauzo yangu

Mheshimiwa Kamishna Mkuu,

Mimi ni fundi cherehani na muuza vitenge hapa Ngara, Nairobi. Ushuru wa mauzo, ile asilimia 3, nalipa kila mwezi kabla ya tarehe 20, na siombi nisamehewe hata shilingi. Kinachonisumbua ni mashine ya kadi iliyo juu ya kaunta yangu.

Nikueleze Jumamosi moja tu. Mama mmoja alikuja kuchukua magauni matatu ya harusi ya bintiye, kila moja 6,000. Alikuwa pia amechagua viatu vya 5,000 kwa jirani yangu, ambaye hana mashine. Akaniambia, "Fundi, kata zote hapo kwako, sina keshi." Nikapitisha kadi mara moja: 23,000. Kabla mama hajafunga mkoba, nilikuwa nimeshamtumia jirani 5,000 zake kwa M-Pesa. Jumatatu gauni moja likarudi, linabana kwapani, na harusi ni Jumatano. Kurudisha pesa kwenye kadi huchukua siku kadhaa, na mama alitaka kununua lingine kwingine siku hiyo hiyo. Nikamtumia 6,000 kwa simu.

Nilichouza ni 12,000. Mashine inasema 23,000. Ushuru wangu halali hapo ni shilingi 360. Ukiifuata mashine ni 690.

Ada ya benki sina neno nayo, kwa kuwa ushuru huu hutozwa kwa mauzo kabla ya gharama. Lakini viatu vya jirani si gharama yangu, ni mauzo yake. Na gauni lililorudi si mauzo ya mtu yeyote. Pia kuna wale ambao mauzo yao hayajafika 1,000,000 kwa mwaka, ambao sheria haiwadai ushuru huu. Mwenye kibanda anayeuza 900,000, akiwapitishia majirani wawili watatu, kwenye rekodi za benki ataonekana amevuka.

Tangu Januari 2026 mnalinganisha ritani zetu, yaani taarifa za ushuru tunazowasilisha, na ankara za eTIMS (mfumo wenu wa ankara za kielektroniki), ushuru uliozuiliwa, yaani unaokatwa na anayelipa, na rekodi za forodha. Ni haki yenu, na wanaoficha mauzo wapo, nawajua. Ila rekodi za kadi na za tili (namba ya kulipia kwa M-Pesa) zikitumika pia kutupima, naomba zisichukuliwe kuwa mauzo moja kwa moja. Marekani, fomu yao ya 1099-K, inayoripoti malipo ya kadi, huonyesha jumla yote iliyopita, bila kutoa ada wala pesa zilizorudishwa, na mamlaka yao yenyewe huwaambia watu kwamba jumla hiyo si lazima iwe mapato ya kutozwa ushuru.

Ombi langu ni hili. Tuonyesheni jumla ya kadi na tili kwenye iTax, tovuti yenu ya ushuru, mapema, mwezi ule ule, kabla hatujawasilisha ritani. Tupeni nafasi ya kuandika: hizi ni za jirani, hizi zilirudishwa, na ujumbe wa M-Pesa uwe ushahidi. Msisubiri mwaka upite ndipo mtuandikie barua ya deni. Kufikia hapo simu imepotea, na jirani amehama.

Risiti ya ile 23,000 ninayo, wino umeanza kufifia. Jumbe mbili za M-Pesa ninazo pia. Mtume afisa yeyote, nitamwekea kiti tuzipitie pamoja.

Wako mtiifu,
Fundi wa Ngara